Namba ya fundi iliyo ndani ya kengele yako ni ya nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wenye nyumba wa Mtwara na Lindi, pamoja na mafundi wenzangu, kuhusu tarakimu nne ambazo watu wengi wanaishi nazo bila kujua kwamba zipo.

Minada ya korosho ikianza mwezi Oktoba, fedha huingia mifukoni na kengele za wizi nazo hupata wateja. Pita Shangani, Ligula au Chuno, pita Mtanda kule Lindi mjini, utaona viboksi vya ving'ora chini ya mapaa. Utaratibu wa kukabidhi ni uleule kila nyumba. Fundi anamwonyesha mwenyeji jinsi ya kuwasha na kuzima, anampa namba yake ya siri, analipwa, anaondoka. Kwamba mtambo una namba ya pili, mwenyeji haambiwi.

Mitambo karibu yote ina ngazi mbili za namba. Ngazi ya chini ni ya wanaoishi humo: namba kuu ya mwenye nyumba, na nyingine za mke au mume, watoto, dada wa kazi. Kazi yake ni kuwasha na kuzima. Ngazi ya juu ni namba ya fundi. Hii inafungua sehemu ya kupanga mtambo, ambako ndiko kunakoamuliwa dirisha lipi lilindwe, mlango wa mbele usubiri sekunde ngapi kabla ya king'ora kulia, na simu ya nani ipigwe.

Mwenyeji mdadisi akiuliza, hujibiwa kwamba asihofu, maana namba ya fundi haizimi kengele. Jibu hilo ni kweli nusu. Kwenye mtambo wa aina ya DSC PowerSeries, kwa mfano, huwezi kuingia sehemu ya fundi kengele ikiwa imewashwa. Lakini mwizi mwenye akili haji usiku kubonyeza namba. Anayekuja ni mtu wa mchana, kengele ikiwa imezimwa, labda na ngazi begani akisema ametumwa kukagua. Akiwa na namba ya fundi anahitaji dakika mbili tu. Anaifuta zoni, yaani sehemu inayolindwa, ya dirisha la jikoni, au anavuta muda wa kusubiri wa mlango kutoka sekunde 30 hadi 255, au anaandika namba kuu mpya. Jioni unawasha kengele kama kawaida, taa nyekundu inawaka, unalala. Dirisha la jikoni halimo tena katika hesabu, na kibao cha namba hakitakuambia.

Sasa tuje kwenye aibu yetu mafundi. Namba hizi hutoka kiwandani zikiwa zimeandikwa tayari, na zimechapishwa kwenye vitabu vya maelekezo ambavyo mtu yeyote anaweza kuvisoma kwenye simu. DSC PowerSeries hutoka na 5555, Honeywell Vista hutoka na 4112, Paradox za Spectra na Magellan hutoka na 0000. Namba kuu ya mwenye nyumba kwenye zote tatu ni 1234. Sifichui siri hapa. Anayetaka kuiba anazo kitambo, asiyezijua ni yule anayeibiwa.

Fundi mzembe huziacha hivyohivyo. Fundi anayejiona makini hubadilisha, kisha anafanya kosa ambalo naliona baya zaidi: anachagua namba moja anayoikumbuka na kuiweka kwenye kila nyumba anayofunga, kutoka Mikindani hadi Masasi. Sababu yake inaeleweka. Akiitwa saa nne usiku king'ora kikilia bila sababu, hataki kutafuta daftari. Lakini vijana wake wote wanaijua namba hiyo, na kijana akigombana na tajiri wake akaondoka, ameondoka na ufunguo wa mji mzima mfukoni. Kitasa unaweza kubadilisha nyumba moja ukamaliza. Hapa lazima uzizungukie nyumba zote, na sijasikia fundi aliyewahi kuzizungukia.

Mwenye nyumba anaweza kujipimia mwenyewe bila kumlipa mtu. Kwa DSC, hakikisha kengele imezimwa na milango imefungwa, kisha bonyeza nyota, 8, halafu 5555. Ukisikia mlio mmoja mrefu wa kukataa, namba imebadilishwa. Taa ya programu ikianza kumetameta na taa ya kuwashwa nayo ikaja, mtambo umekukubali, na ungemkubali yeyote. Usibonyeze namba nyingine yoyote hapo. Bonyeza alama ya reli, yaani #, utoke. Kwa Honeywell Vista, bonyeza 4112 ikifuatiwa na 800. Kibao kikionyesha 20, umeingia, na utoke kwa nyota na 99. Zingatia hiyo 99. Ukikosea ukaweka 98, umeufungia mlango wa kuingilia kwa namba, na fundi atalazimika kuzima umeme na betri ili aingie tena.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika moja kwa fundi aliye mbele yako. Kwenye DSC anaingia kama nilivyoeleza, anabonyeza 006, anaandika tarakimu nne mpya, anabonyeza # kutoka. Wewe mwenyewe ugeuke pembeni au utazame, hilo ni kati yenu. Halafu namba kuu: nyota, 5, namba kuu ya zamani, 40, namba mpya. Arobaini ndiyo nafasi ya namba kuu katika mtambo huo, usiibadilishe na 01 ukadhani umemaliza.

Kuhusu kuchagua tarakimu, mwaka wa kuzaliwa na mwisho wa namba ya simu havifai, hilo watu wanalijua ingawa hawalifuati. Lisilojulikana ni kuchakaa kwa vitufe. Kibao kilichotumika miaka mitatu na namba ileile huonyesha chenyewe vitufe vinavyobonyezwa, maandishi yamefutika, au vumbi limekaa kwenye vile vingine. Vitufe vinne vilivyochakaa vinamwachia mwizi njia 24 tu za kuvipanga, badala ya 10,000. Vikichakaa vitatu, yaani tarakimu moja imejirudia, njia ni 36. Ndiyo, ni nyingi zaidi ya zile za vinne, hesabu inashangaza lakini ndivyo ilivyo. Futa kibao kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na badilisha namba angalau mara moja kwa mwaka, vitufe vichakae sawasawa.

Mafundi wenzangu watauliza: tukimpa mteja namba ya fundi, si ataharibu mipango, kisha atuite bure kwa madai kwamba kazi bado ina dhamana? Hoja hii ina uzito. Mteja mmoja akiingia kucheza humo anaweza kuzima zoni zote kwa bahati mbaya. Na lipo suala la deni, ambapo mteja analipa nusu na kuahidi iliyobaki ufuta ukiuzwa. Fundi huona namba ile ndiyo rehani yake.

Lakini kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuweka kufuli la fundi. Kwenye DSC, kufuli hili likishawekwa, hata fundi mwingine akichomoa umeme na betri hawezi kuurudisha mtambo kwenye hali ya kiwandani bila namba. Dalili yake inasikika: ukiuwasha mtambo upya, kifaa cha simu ndani ya bodi hugonga tik-tik-tik mara kadhaa mfululizo. Kufuli lina faida yake halali, kwani humzuia mwizi aliyefungua boksi asifute kila kitu. Shida inaanza fundi anapohama, anapofariki, au anapokaa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, akataka nauli ya kwenda na kurudi kwa kazi ya kubadilisha namba ya simu moja. Mwenye nyumba anabaki na bodi nzima yenye afya ambayo hakuna anayeweza kuigusa, na mwisho ananunua nyingine. Huko ni kumfunga mteja kamba, tusiite ulinzi.

Pendekezo langu ni hili. Kila nyumba iwe na namba yake ya fundi, isiyofanana na ya nyumba nyingine yoyote. Deni likiisha, namba hiyo iandikwe kwenye karatasi, iwekwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe na fundi na mwenye nyumba watie saini juu ya mfuniko. Ikae kwa mwenye nyumba. Bahasha ikionekana imefunguliwa, dhamana ya mipango imekwisha, lakini dhamana ya vifaa inabaki. Fundi naye ahifadhi nakala yake kwa namna anayoijua, ila si kwenye daftari lenye jina la mteja na mtaa wake kando ya namba. Deni likiwa bado, mkubaliane kwa maandishi tarehe ya kukabidhi bahasha. Kufuli la fundi liwekwe kwa ridhaa ya mteja tu, na liandikwe kwenye karatasi hiyo kwamba limewekwa.

Hata huko nje jambo hili limewahi kuwasumbua. Kiwango cha Ulaya cha kengele za wizi, EN 50131, kinagawa ngazi nne za kuingia kwenye mtambo. Fundi yuko ngazi ya tatu, na haingii mpaka mtumiaji wa ngazi ya pili, yaani mwenyeji, amfungulie kwanza. Namba yake peke yake haitoshi. Mitambo inayofuata kiwango hicho ina mpangilio huo ndani yake, kwa hiyo ukiwa unanunua mpya muulize muuzaji swali hilo moja: je, fundi anaweza kuingia bila mimi? Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, imepiga marufuku kuuza vifaa vya nyumbani vinavyounganishwa na intaneti vikiwa na nywila moja ya kiwandani kwa wote. California ya Marekani ilianza na sheria yake Januari 2020. Walijifunza kwa uchungu: mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na rekoda kwa maelfu mengi kwa kujaribu tu nywila za kiwandani ambazo wenyewe hawakuzibadilisha.

Hapa kwetu wengi hawanunui mitambo hiyo ya bei. Wananunua zile kengele nyeupe za laini ya simu kutoka Kariakoo, zinazopokea amri kwa ujumbe mfupi. Nazo zina nywila mwanzoni mwa ujumbe, mara nyingi 1234, na hakuna tofauti ya fundi na mwenyeji. Anayejua namba ya laini iliyo ndani na nywila hiyo anaweza kuizima kengele yako akiwa amekaa Newala. Badilisha nywila siku ya kwanza, na namba ya laini usimpe mtu, wala usiitumie kupokelea fedha. Laini yenyewe isajiliwe kwa alama za vidole vyako. Fundi akiisajili kwa jina lake ili kukurahisishia, ni yeye atakayeweza kuirudisha laini hiyo kwenye simu yake kwa kudai imepotea. Na laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, basi weka vocha kidogo na uiamuru itume ujumbe angalau mara moja kwa mwezi.

Rimoti nyingi za kengele hizo, za megahezi 433, hutoa msimbo uleule kila zinapobonyezwa. Zenye chipu ya EV1527 zina misimbo kama milioni moja, na hiyo si haba, lakini haina maana yoyote kwa sababu msimbo haubadiliki. Anayenakili rimoti za mageti anainakili na hii kwa dakika chache. Usimwachie mwosha gari rimoti pamoja na funguo. Kama unaweza, nunua yenye msimbo unaobadilika kila bonyezo, au tumia kibao cha namba tu.

Kwa zinazotumia programu ya simu, swali ni akaunti ya nani ilisajiliwa kwanza. Fundi akisajili mtambo kwa barua pepe yake, kisha akakushirikisha, wewe ni mgeni katika nyumba yako, na siku akikutoa umetoka. Fungua akaunti kwa barua pepe yako kabla hajafika. Mshirikishe yeye, akimaliza mtoe.

Namba ya siri njema haitasaidia boksi likiwa wazi. Boksi la mtambo lina nafasi ya swichi ya kugundua kufunguliwa, na mara nyingi waya zake hazijaunganishwa kwa sababu ya haraka. Ziunganishwe kwenye zoni ya saa 24, yaani inayolinda hata kengele ikiwa imezimwa, ili kifuniko kikifunguliwa hata mchana king'ora kilie. Rezista za mwisho wa laini, vile vipande vidogo ambavyo mtambo huvitumia kujua kwamba waya hazijachezewa, ohmu 5,600 kwa DSC, ziwekwe upande wa sensa, yaani kifaa cha mlangoni au dirishani kinachogundua mwizi, na si ndani ya boksi. Zikiwa ndani ya boksi, mwizi akizigusisha waya mbili huko nje, mtambo unaona kila kitu ni salama. Kupima ni rahisi: fundi azigusishe waya karibu na sensa mbele yako, kibao kionyeshe zoni iko wazi. Kisipoonyesha, kazi haijaisha, usilipe bado.

Betri nayo ina neno. Ile ya volti 12 na ampea-saa 7 hubeba mtambo unaotumia robo ya ampea kwa saa 28 kwenye karatasi, lakini joto letu la pwani huichakaza mapema, na ikizidi miaka mitatu usiitegemee. Mwizi hana haja ya namba kama anaweza kuzima swichi kuu nje na kungoja betri iliyokufa. Wakati mwingine hata haina haja ya mwizi, luku inaisha mwenyewe ukiwa safarini Dar. Zima umeme kwa muda wa saa nne, liza king'ora dakika tano, kisha pima betri kwa mita. Ikiwa chini ya volti 12, badilisha.

Wenye nyumba za kupangisha, hasa zile zinazochukuliwa na wafanyakazi wa gesi ya Madimba na kiwanda cha saruji, mna kazi ya ziada. Mpangaji akiondoka, futeni namba zote za watumiaji na kubadilisha namba kuu siku hiyohiyo, kama mnavyobadilisha kitasa, kama mnabadilisha. Mpangaji mpya naye ana haki ya kuomba lifanyike mbele yake.

Na fundi yeyote akiondoka baada ya matengenezo, angalieni kumbukumbu za mtambo. Kwenye kibao cha DSC chenye maandishi, bonyeza nyota, 6, namba kuu, kisha sogeza mpaka sehemu ya kumbukumbu na ubonyeze nyota. Matukio 500 ya mwisho yamo, pamoja na saa fundi alipoingia sehemu ya kupanga na alipotoka. Ukikuta kuna kuingia siku ambayo hukumwita mtu, hapo una swali la kuuliza. Saa ya mtambo lazima iwe sahihi, maana umeme na betri vikikatika pamoja saa hupotea, na kumbukumbu zitakuonyesha mwaka ambao hujawahi kuishi humo.

Ningependa vyuo vya VETA vya Mtwara na Lindi vimfundishe kila kijana wa umeme karatasi hii ya makabidhiano: namba imebadilishwa, kufuli lipo au halipo, laini ni ya jina la nani, betri imewekwa lini, saini mbili. Ukurasa mmoja unatosha.

Bahasha yenyewe ikae pale unapoweka hati ya kiwanja. Isibandikwe upande wa ndani wa mlango wa boksi la mtambo, ambako mafundi wengi tunapenda kubandika karatasi yenye namba zote, zimeandikwa vizuri kwa kalamu nyeusi.

Fundi wa mitambo ya ulinzi wa nyumba,
Shangani, Mtwara